Kadi Iliyosema Salama

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja uso, na kazi niliyoichagua haikunikunjua. Kazi yenyewe ni kuunganisha kompyuta ziongee, na kompyuta, sikufichi, zina kiburi. Nimezitukana kwa Kiswahili, nimezitukana kwa Kimakua cha bibi yangu wa Chiwata, wala hazijali. Lakini kuna kosa moja la kompyuta, na kosa moja langu, ambayo kila nikiyakumbuka naishia kushukuru.

Ilikuwa miaka ile soko huria lilipokwisha kufika mpaka kwetu Masasi. Mashirika ya umma yalikuwa yanabinafsishwa, watu wanapunguzwa kazini, na kila mwenye mtaji kidogo anafungua duka. Bosi wangu alitoka kwenye ukoo wa wafanyabiashara wa zamani hapa mjini. Aliacha kuuza vitenge akaanza kuleta kompyuta za mitumba kutoka Dar es Salaam. Mimi nilikuwa nimesomea ufundi hukohuko Dar, nikarudi nyumbani, akaniajiri. Duka zima fundi nilikuwa mimi peke yangu.

Kazi yetu kubwa ya kwanza ilikuwa hospitali moja ya Newala. Kompyuta sita, na seva. Seva ni ile mashine inayotunza kumbukumbu za wote na kuwajibu wengine wanapouliza. Niliiwekea kadi mbili za mtandao, kila kadi na waya wake, na nyaya zote mbili zikapita darini hadi mapokezi, kwenye boksi la matundu ambalo mafundi tunaliita swichi. Halafu nikazifunga zile kadi pamoja kwa programu, zifanye kazi kama kadi moja. Faida yake ni kwamba waya mmoja ukifa, mwingine unabeba mzigo wote, na watumiaji hata hawajui. Kadi moja ilikuwa mpya. Ya pili niliichomoa kwenye mashine mbovu pale dukani, nikaipuliza vumbi, nikasema itafaa.

Siku ya kukabidhi nilimwonyesha mganga mkuu kwenye skrini: kadi ya kwanza, kiungo kipo, yaani waya umeshika, kasi mia. Kadi ya pili, kiungo kipo, kasi mia. Jumla mia mbili. Nilijiona bingwa wa kusini nzima. Mganga mkuu akafurahi, akatangaza palepale kwamba vikaratasi vya majibu ya maabara sasa marufuku, kila kitu kipite kwenye kompyuta.

Mtaalamu wa maabara alikuwa mtu wa Mnyambe, amekaribia arobaini, mpole, na mkarimu wa maneno machache. Kwao yeye ndiye mwenye mshahara pekee, na nyuma yake kulikuwa na wadogo zake wanasoma. Siku ile aliinua mkono akasema, "Mimi sina neno. Ila miguu yangu nadhani ina kasi kuliko hiyo mashine." Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Nani angejua kwamba utani ule utakuja kumgeukia?

Miezi mitatu mambo yalikwenda. Mwezi wa nne akanipigia simu. Simu za mkononi ndiyo kwanza zilikuwa zimefika, na kule hospitalini zilishika sehemu moja tu, juu ya kichuguu nyuma ya maabara. Ukimwona mtu amesimama kichuguuni ujue anaongea na mji mwingine. Mimi nilikuwa dukani, nimeshika bisibisi, wateja watatu wamenisimamia.

"Dada, hujambo?"

"Sijambo, kaka. Habari za huko?"

"Salama. Habari za hapo?"

"Nzuri. Mtandao wangu unaendeleaje?"

"Upo. Salama tu, ila..."

Simu ikakatika. Vocha yake ilikuwa imekwisha. Sikumpigia. Nilichukua daftari la kazi nikaandika kwa mwandiko mzuri: Newala, mtandao upo, salama. Nikarudi kwa wateja wangu.

Kwetu huku kila mtu anajua salamu zinavyokwenda. Mtu amefiwa, umemkuta msibani, unamuuliza habari, anakwambia nzuri. Ndiyo heshima. Ubaya hauwekwi mlangoni. Unasalimiana kwanza, salama kwa salama, halafu ndipo inakuja "ila", na habari yenyewe inaanzia hapo. Nimelelewa hivyo. Hata mimi nikiumwa malaria ya kutetemeka nasema sijambo kwanza. Na bado siku ile nilichukua salama nikaiacha ila ikining'inia hewani. Haraka zangu hizo, na dharau kidogo pia, nisijisafishe.

Wiki mbili baadaye, siku ya Jumatano, simu ya mezani ya dukani ikalia. Sauti ya mama mmoja ikasema, kwa mkazo na utulivu, "Masasi? Newala hapa, usikate." Niliijua. Alikuwa mama wa mapokezi wa hospitali ile. Zamani alikuwa opereta wa simu, yule uliyekuwa ukimwomba namba naye anakuunganisha kwa mkono, mpaka shirika lilipobinafsishwa akapunguzwa. Kule wote walimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza, nami nilimwita mama tu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Wazima hapo?" Tukamaliza salamu zote, hakuruka hata moja. Kisha akasema, "Sasa sikiliza. Kuna mtu anafukuzwa kazi kwa ajili ya daftari lako."

Akanieleza. Kompyuta ya maabara ilikuwa haipokelewi na seva. Yule kaka akituma majibu, mashine inasubiri, inasubiri, inakata tamaa. Kompyuta za wenzake zote zinafanya kazi, yake tu. Wagonjwa wakawa wanakaa benchi tangu asubuhi wakingoja majibu ya damu. Basi yeye kwa huruma akaanza kuandika vikaratasi kwa siri, anaviweka mfuko wa koti, anawapelekea wauguzi kwa miguu. Akakamatwa navyo. Mganga mkuu akampigia bosi wangu kuuliza kama mtandao una tatizo, bosi akafungua daftari langu akasoma: salama. Ikawa ushahidi. Huyu alipinga kompyuta tangu siku ya kwanza, wakasema, sasa amegoma. Akapewa barua. Ijumaa saa nne anaitwa mbele ya kamati, na miaka ile ya kupunguza watu, aliyeitwa mbele ya kamati alikuwa anawaaga wenzake kazini kabisa.

Niliweka simu chini. Nikamwambia bosi, "Naenda Newala kesho alfajiri." Aliniangalia, akafunga kitabu alichokuwa anasoma, akanipa nauli bila kuuliza. Nimefanya kazi kwa mabosi wengi, na huyo nitamshukuru mpaka naingia kaburini.

Alhamisi saa tatu nilikuwa Newala, nguo nyekundu kwa vumbi la mlimani. Nikasalimu haraka, nikaenda moja kwa moja kwenye seva. Ilikuwa ndani ya kabati la mbao nililolitengenezesha mwenyewe ili vumbi lisiingie, mgongo wake ukutani, na juu mama wa mapokezi alikuwa ameitandikia kitambaa cha kufuma, akaipendezesha kama redio ya sebuleni. Nikawasha skrini. Kadi ya kwanza, kiungo kipo, kasi mia. Kadi ya pili, kiungo kipo, kasi mia. Nikapumua. Basi seva haina kosa, kosa liko maabara.

Nikaenda maabara. Yule kaka akasimama, akanikaribisha, akanifutia kiti. Hakusema neno la lawama. Ningependa angesema. Nikabadilisha waya wa kompyuta yake. Bure. Nikahamisha tundu kule kwenye swichi. Bure. Nikafuta programu nikaiweka upya. Wapi! Saa sita ikapita, saa saba ikapita, na mimi hasira zimenipanda hadi masikioni. Nusura nimwambie yule mtu, kaka, huenda kweli hujui kuitumia. Neno lilifika ulimini. Nashukuru lilibaki hapo.

Saa nane mama wa mapokezi akaniita mezani kwake. Alikuwa na bakuli la ming'oko iliyochemshwa, vile vizizi vya porini tunavyokula huku, na chumvi pembeni. "Kaa ule. Mwenye njaa hatengenezi kitu, anavunja." Nikakaa. Nikamwonyesha kwa kidole kabati la seva, nikalalamika, "Mama, kila kitu kinasema kipo salama. Nyaya zote mbili hai. Kasi ileile. Sasa nitafute wapi?"

"Nani anasema?"

"Kadi yenyewe."

Akamenya ng'oko yake taratibu. "Kule kwenye simu," akasema, "tulipoletewa ile mitambo ya kujipigia, wateja walikuwa wanakuja kugomba. 'Nimempigia kaka yangu, simu inalia kule, hapokei, ananidharau!' Wanaapa kabisa. Na kumbe kule waya umeanguka tangu juzi. Ule mlio, mwanangu, haukutoka kule. Tuliutoa sisi hapahapa, kwenye mtambo wetu, mteja asione kimya. Mimi nilijifunza jambo moja. Ukitaka kujua waya ni mzima usimuulize aliyeukamata upande huu. Ita upande wa pili, mpaka usikie sauti ya mtu."

Nilibaki na ng'oko mdomoni. Kisha nikainuka, sikusema hata asante. Nikavuta kabati, mbao zikalia, nikaingiza mkono nyuma ya seva. Nikachomoa waya wa kadi ya pili, ile ya mtumba. Nikaushika mkononi, ncha yake inaning'inia. Nikaangalia skrini.

Kadi ya pili, kiungo kipo, kasi mia.

"Nnungu wangu!" alisema mama, akimwita Mungu kwa Kimakonde, maana alikuwa amenifuata. Mimi nilisema maneno mengine ambayo hayaandikiki.

Kosa lilikuwa kwenye draiva, kile kiprogramu kinachosimama kati ya kadi na mashine kikitafsiri. Draiva ya kadi ile kuukuu haikuwa imefundishwa kusema hapana. Ilisema kipo na mia tangu siku ya kwanza, na ingesema hivyo hata ungeitupa kadi kisimani. Programu yangu ya kufunga kadi mbili ilikuwa inaiuliza mara kumi kwa sekunde, hujambo? Nayo inajibu, sijambo. Kwa hiyo iliendelea kupeleka mzigo kwenye njia iliyokufa, kwa imani yote. Nyuma ya seva kulikuwa na kitaa kidogo cha kijani kwa kila waya. Cha kadi ya pili kilikuwa kimezimika. Mtu yeyote angekiona wiki zote hizo kama mgongo wa seva nisingeuelekeza ukutani.

Nikapanda darini na tochi. Waya wa pili ulikuwa umetafunwa na panya, sehemu ya kiganja kizima, shaba inaonekana. Nikakata kipande hicho nikashuka nacho. Mama akakitazama, akasema, "Panya wa darini hawa hata kuliwa hawafai, si kama wale wa shambani tunaowala," tukacheka mpaka wagonjwa wakageuka.

Na kwa nini maabara tu? Nilikaa chini nikapiga hesabu, nikaona aibu. Mimi ndiye niliyeiambia seva igawe njia kwa namba ya kadi ya kila kompyuta, huyu waya huu, yule waya ule, na ukishapangiwa ndiyo hiyohiyo siku zote. Kompyuta nne zilianguka kwenye waya mzima. Mbili zilianguka kwenye uliokufa. Moja ilikuwa ya stoo, ambayo hakuna aliyeiwasha, walikuwa wanaiwekea chupa ya chai juu yake. Nyingine ilikuwa ya maabara. Hakugoma mtu. Maombi yake yalikuwa yanafika kwa seva, seva inamjibu vizuri tu, ila majibu yanaingia mdomoni mwa panya.

Kwenye mkoba nilikuwa na kurasa za maelekezo nilizochapisha Dar, zimekunjwa mpaka zimechanika. Nikazisoma safari hii kwa makini. Kulikuwa na namna ya pili. Badala ya kuiuliza kadi hali yake, seva inaweza kupiga hodi yenyewe kupitia kila waya, kwenye mashine ya mbali, na kusubiri iitikiwe "karibu". Ikisikia karibu, njia ni nzima. Ikikosa karibu, njia imekufa, hata kadi iseme nini. Nikaiambia ipige hodi kwenye kompyuta ya mapokezi, ambayo haizimwi. Mara ileile skrini ikabadilika. Kadi ya pili, kiungo hakipo. Sijawahi kufurahia habari mbaya kiasi kile. Mzigo wote ukahamia waya mzima, na kutoka maabara nikasikia sauti ya mtu mpole akipiga ukelele, "Imekwenda! Dada, imekwenda!"

Nilimkuta ameshika kichwa kwa mikono miwili. Nikamuuliza lile lililokuwa linanikaba. "Kaka, siku ile uliyonipigia, ulitaka kusema nini?"

"Nilitaka kusema salama, ila mashine yangu haijibiwi."

"Mbona hukuanza na hilo?"

Akanishangaa kweli. "Dada, ningeanzaje na ubaya kabla sijakusalimu?"

"Na mbona hukupiga tena?"

"Nilidhani umesikia. Ulinyamaza, nikasema fundi amesikia, atakuja. Nikakungoja."

Alinisubiri wiki mbili, mtu yule, akipeleka vikaratasi mfukoni na kuamini kwamba nipo njiani. Nilitoka nje nikalia nyuma ya kile kichuguu. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Ijumaa saa nne niliomba kuingia kwenye kikao. Katibu wa hospitali akasema hainihusu, mama wa mapokezi akanifungulia mlango, nikapita. Yule kaka alikaa kwenye kiti cha peke yake, shati limepigwa pasi kali. Nikawaambia hivi: kabla ya kumsikiliza yeye, nisikilizeni mimi, kisha nikamwomba mganga mkuu na wote waliokuwepo wanifuate kwenye kabati. Niliirudisha seva kama ilivyokuwa awali, nikachomeka tena waya wa pili, kisha nikauchomoa mbele ya macho yao, nikamwekea mganga mkuu mkononi. "Ushike, daktari. Sasa soma skrini."

Akasoma kwa sauti. "Kiungo kipo. Kasi mia." Akautazama waya mkononi mwake. Akasoma tena, polepole.

"Ile mia mbili niliyowaambia siku ya kukabidhi imebaki mia moja tangu panya atafune waya," nikasema. "Mia nyingine ilikuwa maneno matupu. Na daftari lililosomwa kwenu ni langu. Huyu alinipigia. Alisema salama, ila. Simu ikakatika, nami nikaandika salama nikaiacha ila. Kama kuna wa kupewa barua, iandikwe jina langu."

Nilikuwa najua bosi akipata habari hii ninaweza kurudi Chiwata kuokota korosho, na haikuwa dhihaka, msimu ulikuwa umeanza. Mganga mkuu akamgeukia yule kaka, akamuuliza, "Una la kusema?"

"Sina neno, daktari. Ni salama." Wote pale kabatini wakamtazama mdomo, wakingoja. Naye akamalizia, "Ila ile barua naomba itolewe kwenye faili langu. Wadogo zangu bado wanasoma."

Ilitolewa mbele yangu, ikachanwa vipande vinne. Mganga mkuu akampa mkono na kumwomba radhi, mkubwa kumwomba mdogo, jambo ambalo sijaliona mara nyingi. Bosi wangu nilipomweleza yote alininunulia kadi mpya, akaniambia, "Hii ya mtumba itundike ukutani dukani, uione kila siku." Ipo mpaka leo. Mama wa mapokezi nilimpelekea kitenge, akakipokea, akaniuliza kwanza kama nimesalimia watu wote pale mlangoni. Ameshatangulia mbele za haki. Kila ninapofunga mtandao wa mtu napiga hodi upande wa pili, kama alivyonifundisha.

Mwaka huu nilikuwa dukani, sasa duka ni langu, simu ikalia. Sauti ya upole, imezeeka kidogo.

"Dada, hujambo?"

"Sijambo, kaka yangu. Habari za huko?"

"Salama."

Nikanyamaza. Nilikuwa na mteja mbele yangu, nikamwinulia kidole angoje.

"Dada, upo?"

"Nipo. Nangoja ila."

Akacheka mpaka akakohoa. "Leo hakuna ila. Jana nimestaafu. Wameniaga vizuri, kwenye maabara ileile. Wadogo zangu wote walikuja. Nikasema lazima wewe nikwambie mwenyewe."

Nikaanza kumwambia asante, asante kwa kunisubiri, na sijafika nusu ya maneno yangu salio lake likaisha. Simu ikakatika. Nikampigia.